Kuiweka Hai Ramani ya Karatasi: Mwongozo kwa Marubani Binafsi wa Unguja na Pemba

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume, Unguja, hadi uwanja wa Pemba kule Chake Chake ni maili 68 za baharini, uelekeo wa digrii 31 za kweli. Ndege ndogo inayokwenda noti 100 huimaliza safari hiyo kwa dakika 41 ikiwa hakuna upepo. Mnemba inabaki kushoto, inafuata bahari tupu, halafu Pemba inajitokeza mbele. Njia inayojulikana hivi ndiyo inayomfanya rubani aisahau ramani. Inakaa kwenye mfuko wa kiti safari baada ya safari, na siku inayokunjuliwa ni siku ya shida: mvua imeifunga Chake Chake, mafuta yanahesabiwa, na rubani anatafuta masafa ya redio ya Tanga au mpaka wa anga asiyoizoea. Ramani ya miaka mitatu nyuma itamjibu bila kusita, na jibu lenyewe ni la miaka mitatu nyuma.

Kiambatisho cha 6 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, sehemu inayohusu ndege zisizo za biashara, kinataka ndege ibebe ramani zilizo za sasa na zinazofaa kwa njia iliyopangwa, pamoja na kila njia ambayo ndege inaweza kutarajiwa kugeuzwa kuifuata. Kipande cha mwisho ndicho chenye uzito kwetu sisi wa visiwani. Pemba ina njia moja tu ya kurukia. Ndege iliyopasuka tairi ikikaa katikati yake, wewe uliye hewani unarudi Unguja au unavuka kwenda Tanga, maili kama 45 upande wa magharibi. Kwa hiyo kazi inayoelezwa hapa ni ya ramani yote kuanzia Dar es Salaam hadi Tanga, si ya visiwa viwili peke yake. Ukihesabu na Mombasa kama kimbilio, jua kwamba Mombasa iko ndani ya eneo la taarifa za safari la Nairobi, na mabadiliko yake hutangazwa katika AIP, yaani kitabu rasmi cha taarifa za anga, ya Kenya. Katika ya Tanzania hutayaona hata ukiisoma mara kumi.

Ramani moja, tarehe nne

Kabla ya kugusa penseli, soma pembezoni mwa ramani. Utakuta tarehe ya kuchapishwa. Tafuta pia tarehe ya taarifa za anga, yaani siku ambayo mipaka, masafa na vifaa vya kuongozea vilikusanywa. Mara nyingi iko na tarehe ya tatu, ya ramani ya ardhi iliyo chini yake: barabara, miji, pwani. Hizi tatu hazilingani. Ramani iliyochapwa upya juzi inaweza kubeba taarifa za anga za zamani, na wanunuzi wengi hudanganyika kwa harufu ya wino mpya.

Tarehe ya nne unaiandika wewe, na ndiyo mwongozo huu wote: siku ambayo ramani hii, nakala hii iliyo mkononi, imekaguliwa na mtu ikalinganishwa na taarifa rasmi. Chora kisanduku kwenye ukingo mweupe, andika kwa wino: imekaguliwa hadi mzunguko gani, marekebisho ya AIP namba ngapi, nyongeza ya AIP namba ngapi, NOTAM (tangazo la muda mfupi kwa marubani) ya mwisho kusomwa ni ipi. Ramani isiyo na kisanduku hicho ihesabu kuwa haijakaguliwa, hata kama unakumbuka vizuri kwamba uliikagua.

Alhamisi ya kila siku 28

Mabadiliko makubwa ya anga duniani huanza kutumika kwa pamoja, kila baada ya siku 28, siku ya Alhamisi. Mpango huo unaitwa AIRAC. Kwa mwaka 2026 tarehe ni 22 Januari, 19 Februari, 19 Machi, 16 Aprili, 14 Mei, 11 Juni, 9 Julai, 6 Agosti, 3 Septemba, 1 Oktoba, 29 Oktoba, 26 Novemba na 24 Desemba. Mizunguko hupewa namba ya mwaka na mfuatano, hivyo 14 Mei 2026 ni 2605. Zibandike ukutani juu ya meza unayofanyia kazi. Anayetegemea kichwa hukosa mmoja, na akikosa mmoja hukosa na wa pili.

Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ndiyo yenye AIP ya nchi, Zanzibar ikiwemo. Kanuni inataka taarifa za AIRAC zitumwe angalau siku 42 kabla, ili zimfikie mtumiaji angalau siku 28 kabla ya kuanza kutumika. Yaani mabadiliko ya 14 Mei yanatakiwa yawe mezani kwako kufikia 16 Aprili. Hapa ndipo wenye bidii wanapokosea. Karatasi imefika, mtu anafurahi, anachukua kalamu na kurekebisha ramani siku ile ile. Amejitengenezea ramani ya kesho ya kurukia leo: kwa wiki 4 atakuwa anaita masafa ambayo hayajafunguliwa. Weka bahasha iliyoandikwa "BADO" na tarehe yake ya kuanza. Marekebisho yanasubiri humo, na yanatoka Jumatano jioni kabla ya siku yake.

Tena angalia: kusipokuwa na jambo la kutangaza kwa mzunguko fulani, kanuni inataka itolewe taarifa ya kusema kwamba hakuna, yenye neno NIL. Ukimya haumaanishi NIL. Usipoona marekebisho wala NIL, uliza ofisi ya taarifa za anga uwanjani kabla ya kuandika kwenye kisanduku.

Saa: toa tatu

Kila kitu katika AIP na NOTAM kimeandikwa kwa saa za UTC, saa ya pamoja ya dunia. Sisi tunatangulia UTC kwa saa 3, lakini tunahesabu saa kwa Kiswahili, na hapo watu hujichanganya kwa kuongeza tatu kisha kutoa sita huku simu inalia. Njia fupi ni moja: toa 3 kwenye saa ya UTC, unapata saa ya Kiswahili moja kwa moja. 0600 ni saa 3 asubuhi. 0900 ni saa 6 mchana. 1500 ni saa 12 jioni. Ikizidi 12, toa 12: 1800 ni saa 3 usiku. Ikishuka hadi sifuri au chini yake, ongeza 12: 0300 ni saa 12 asubuhi, na 0000 ni saa 9 usiku.

Basi AIRAC, inayoanza saa 0000 UTC ya Alhamisi, kwetu inaanza saa 9 usiku wa kuamkia Alhamisi. Na kuna mtego wa tarehe. Kuanzia 2100 UTC, siku yetu ya kalenda imeshageuka. NOTAM yenye 2605142200 inasomeka 14 Mei, ila kwa saa za hapa ni saa 7 usiku, tarehe 15 Mei. Unaponakili kwenye daftari, andika saa ya UTC na ya Kiswahili pamoja, na siku ya wiki kwa jina.

Wino, penseli, kipande cha karatasi

Mabadiliko yana umri wa aina tatu, na kila umri una chombo chake.

Marekebisho ya AIP ni ya kudumu: yaandike kwa wino. Nyongeza ya AIP ni ya muda mrefu lakini ina mwisho, kwa kawaida miezi mitatu au zaidi: iandike kwa penseli na tarehe ya mwisho pembeni yake. NOTAM ni ya muda mfupi: isiandikwe kwenye ramani kabisa, bali kwenye kipande cha karatasi kinachobanwa juu ya ubao wa gotini na kutupwa baada ya safari. Anayeandika NOTAM juu ya ramani kwa wino anakuwa na ramani chafu ndani ya miezi miwili, na ramani chafu haisomeki kwa sababu lililo kweli na lililokwisha vinafanana.

Kuna hali moja tu ya kati. NOTAM yenye neno PERM imetangaza jambo la kudumu ambalo halijaingia kwenye AIP. Iandike kwa penseli, na ikishaingia AIP ipitishie wino juu yake.

Vifaa si vingi. Penseli ya 2B, kwa sababu ya H inachimba karatasi na alama yake haifutiki hata risasi ikitoka. Kifutio cheupe laini. Kalamu ya wino usioyeyuka kwa maji, ncha ya milimita 0.3 au 0.4, rangi ya zambarau au buluu iliyokoza. Nyekundu iepuke: chini ya tochi nyekundu ya usiku maandishi mekundu hupotea kabisa. Kipimapembe, bikari yenye ncha mbili za sindano, nyingine yenye penseli, na daftari gumu la mistari.

Wapi pa kutazama ndani ya AIP

Huhitaji kusoma AIP nzima kila mwezi. Ina sehemu tatu: GEN ya mambo ya jumla, ENR ya njiani, AD ya viwanja. Anza GEN 0.4, orodha ya kurasa na tarehe zake, uone zipi zimebadilika. Nenda GEN 3.2.8, mahali pa kusahihishia ramani ambazo hazimo ndani ya AIP yenyewe, lakini usiishie hapo. Kwa ramani, kurasa zenye faida ni hizi: ENR 2.1 kwa mipaka ya maeneo ya udhibiti, ENR 4.1 kwa vifaa vya redio, ENR 5.1 kwa maeneo ya marufuku, yenye masharti na ya hatari, ENR 5.4 kwa vizuizi vya njiani. Halafu kwa kila uwanja unaoutumia au unaoweza kuukimbilia, kwetu HTZA (Unguja), HTPE (Pemba), HTTG (Tanga) na HTDA (Dar es Salaam), tazama AD 2.10 vizuizi, 2.12 njia za kurukia, 2.17 anga ya uwanja, 2.18 masafa na 2.19 vifaa vya redio. Palipobadilika huwa pana alama kando ya mstari. Itafute alama hiyo, lakini soma na mstari wa juu na wa chini yake, kwani namba iliyobadilika mara nyingi ina mwenzake.

Masafa ndiyo mabadiliko mepesi kurekebisha na ndiyo yanayosahaulika, maana masafa yale yale yameandikwa sehemu tatu: kwenye kisanduku cha uwanja, kwenye mpaka wa anga, na kwenye jedwali la pembezoni. Kata ya zamani kwa mstari mmoja, andika mpya juu yake, kisha uwinde mpaka uzipate zote tatu. Usipake kifutio cha majimaji cheupe. Kinapasuka ramani inapokunjwa, na chini yake inachungulia namba ya zamani.

Kuweka mnara mpya: kazi yenyewe kwa karibu

Minara ya simu ndiyo inayoongezeka, na ndiyo inayoua. Kwenye ramani za 1:500,000 na 1:1,000,000 kitu huhesabiwa kizuizi kwa kawaida kinapofika mita 100 juu ya ardhi. Mnara wa mita 80 juu ya kilima unaweza usionekane kwenye ramani, na hilo si kosa la mchapishaji.

Tuchukue mfano wa kujifunzia, si mnara wa kweli: kizuizi kipya Pemba, 051012S 0394524E, urefu mita 110, juu ya ardhi yenye mwinuko wa mita 45, kina taa.

Kwanza geuza sekunde ziwe sehemu ya dakika kwa kugawa kwa 60. Sekunde 12 ni dakika 0.2, sekunde 24 ni dakika 0.4. Una latitudo digrii 5 dakika 10.2 kusini, longitudo digrii 39 dakika 45.4 mashariki.

Pili, tafuta mstari wa latitudo ya digrii 5 na ushuke chini. Tunasema ushuke kwa makusudi. Tuko kusini ya ikweta, latitudo zinakua kuelekea chini ya karatasi. Rubani aliyesomea Ulaya au Marekani mkono wake umezoea kupanda, na akipanda hapa mnara unaangukia zaidi ya maili 20 kaskazini ya mahali pake. Kwa longitudo hakuna mgeuko: namba zinakua kwenda kulia.

Tatu, pima kwa bikari kwenye vijistari vya dakika vilivyochapwa juu ya ramani yenyewe, usipime kwa rula. Rula itumike kuhakiki tu: kwenye 1:500,000 dakika moja ya latitudo ni karibu milimita 3.7, kwa hiyo unatarajia kushuka kama milimita 38 kutoka digrii 5, na kwenda kulia kama milimita 57 kutoka digrii 39 dakika 30. Hapa karibu na ikweta dakika ya longitudo inakaribia kulingana na ya latitudo, hivyo milimita 3.7 inafaa pande zote mbili. Vijistari vinashinda rula kwa sababu karatasi hupumua: wakati wa masika inavimba, kwenye kiangazi inasinyaa, na vijistari vinavimba na kusinyaa pamoja nayo.

Nne, gusa mahali kwa ncha ya penseli, kisha angalia kama panaingia akilini. Uko nchi kavu? Kijiji kilichotajwa kwenye taarifa kiko jirani? Nukta ya nusu milimita kwenye 1:500,000 inafunika mita 250, usitafute usahihi kuliko huo. Hata hivyo chunguza msingi wa vipimo: ICAO ilifanya WGS-84, mfumo wa dunia wa kutaja mahali, kuwa kiwango kuanzia 1 Januari 1998, na ramani za upimaji za Afrika Mashariki zilizojengwa juu ya mfumo wa zamani wa Arc 1960 zinatofautiana nayo kwa mita zipatazo 300. Kwenye ramani ya anga ni zaidi kidogo ya nusu milimita. Kwenye ramani ya 1:50,000 ni milimita 6, na hapo mnara unaweza kuruka barabara.

Tano, urefu. Mita 110 ni futi 361. Ncha ya mnara iko mita 155 juu ya usawa wa bahari, yaani futi 509. Alama inaandikwa 509 na pembeni yake 361 ndani ya mabano: namba isiyo na mabano ni ncha juu ya bahari, ya mabano ni urefu juu ya ardhi. Kuzigeuza ni kosa baya, na kuchanganya mita na futi ni baya zaidi: 155 iliyosomwa kama futi inaufupisha mnara kwa futi 354. Andika neno "futi" mara moja kwenye ukingo ili asiwepo wa kuuliza.

Sita, kama ramani yako ina namba kubwa ya mwinuko wa juu katika kila mraba, linganisha. Ncha mpya ikiizidi namba ya mraba, irekebishe namba pia kwa kuipandisha hadi mia inayofuata, usiishushe kamwe. Watu huchora mnara vizuri na kuiacha namba ya mraba, wakati namba hiyo ndiyo wanayoisoma wanapoingia kwenye ukungu.

Alama ikiangukia kwenye mkunjo, usiichore hapo. Chora kando, vuta kistari chembamba hadi mahali penyewe. Mkunjo huliwa kwanza kuliko sehemu nyingine yoyote ya ramani.

Mwisho andika daftarini: tarehe, mzunguko, chanzo na ukurasa, kilichobadilika, ramani ipi. Mwenzako akitaka kuhakiki, au wewe mwenyewe baada ya miezi sita ukitilia shaka alama, daftari ndilo litakalosema imetoka wapi.

Maeneo na mipaka

Maeneo ya marufuku, yenye masharti na ya hatari ya Tanzania hutambulika kwa herufi HT zikifuatwa na P, R au D na namba. Yakibadilika umbo, usijaribu kufuta mpaka wa zamani uliochapwa. Weka misalaba midogo juu yake kila sentimita 1, halafu chora mpya. Eneo la duara lichore kwa bikari ya penseli iliyofunguliwa kwenye vijistari vya latitudo, dakika moja ikiwa maili moja ya baharini. La pembe nyingi liunganishe kwa mfuatano ule ule wa taarifa, na nukta ya mwisho irudi kwenye ya kwanza. Isiporudi, umekosea nukta moja. Andika urefu wa chini na wa juu pamoja na saa za kazi. Mpaka bila urefu humfanya rubani azunguke bure, au akate katikati akidhani yuko salama.

Kaskazini ya sumaku nayo huhama, ila kwetu pole pole. Hapa visiwani tofauti yake ni karibu digrii 3 magharibi, hivyo uelekeo wa 031 wa kweli kwenda Pemba unakuwa 034 wa sumaku. Tazama AD 2.2 ya uwanja, utapata kiasi na mabadiliko yake ya mwaka, yaandike pembezoni, basi.

NOTAM kabla ya kuwasha injini

Ramani iliyokaguliwa Alhamisi bado haijajua la Jumamosi. Kabla ya kila safari pata muhtasari wa NOTAM wa eneo zima la Dar es Salaam, si wa viwanja viwili tu. Mstari wa Q, ule wa juu unaofupisha NOTAM kwa alama, ukiuzoea unakupunguzia kazi. Kwa mnara wetu wa mfano, ungetangazwa kwa muda, ungesomeka hivi:

Q) HTDC/QOBCE/IV/M/E/000/006/0510S03945E005

HTDC ni eneo la taarifa za safari la Dar es Salaam. QOBCE: OB ni kizuizi, CE ni kimesimikwa. IV, kinawahusu wanaoruka kwa vyombo na wanaoruka kwa macho. E, ni jambo la njiani. 000 hadi 006 ni kutoka chini hadi futi 600. Mwisho ni kitovu na nusu kipenyo cha maili 5. Kitovu hicho kimekadiriwa kwa dakika nzima, kwa hiyo usikitumie kuchorea. Cha kuchorea kiko kwenye kipengele cha E cha NOTAM, penye maelezo yenyewe.

Kipengele cha C, cha muda wa mwisho, kikiwa na EST, muda wa mwisho ni wa makadirio, na NOTAM hiyo haifi yenyewe saa ikifika. Inaendelea hadi itolewe nyingine ya kuifuta, yenye neno NOTAMC, au ya kuibadilisha, NOTAMR. Wengi huifuta kichwani siku ile ya makadirio.

Namba za NOTAM hufuatana ndani ya mfululizo kwa mwaka. Ukiwa na A0145 na A0147, uliza A0146 iko wapi. Na angalau mara moja kwa mwezi hutolewa orodha ya zile zilizo hai. Ilinganishe na daftari lako, na utakuta moja au mbili ulizokuwa ukizibeba bure.

Unyevu, chumvi na plastiki

Hewa yetu haina huruma kwa karatasi. Ramani iliyoachwa ndani ya ndege wakati wa masika inalegea, mikunjo inachanika, kisha inaota madoa ya ukungu. Ishushe kila baada ya safari. Ihifadhi imelala kwenye mtoto wa meza, pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu na vifaa vya umeme. Visipokuwepo, kikombe cha mchele uliokaangwa mkavu ndani ya kitambaa kinasaidia kwa muda. Karafuu weka ukipenda kwa harufu, lakini usizitegemee zikaushe chochote, na usiziache ziguse karatasi, mafuta yake yanatia doa.

Usiipeleke ramani kwenye mashine ya laminesheni dukani. Wino wa marekebisho haushiki juu yake, na ikipasuka kwenye mkunjo maji huingia na hayatoki. Jalada la plastiki linalofunguka ni bora. Mikunjo iimarishe upande wa nyuma kwa utepe wa karatasi, si selotepu, kwani selotepu kwenye joto la ndege iliyoegeshwa juani inakuwa njano na gundi inatambaa juu ya namba.

Kwa kurasa za AIP unazochapa mwenyewe, kwenye dirisha la kuchapa chagua ukubwa halisi, asilimia 100. Ukiruhusu mashine ijaze karatasi yenyewe, kipimio kinaharibika bila dalili. Ukishachapa, pima mstari wa kipimio ulio juu ya ukurasa kwa rula; usipolingana, tupa. Mashine ya wino wa maji huchuruzika kwa jasho la kiganja, ya unga haichuruziki, ila unga wake hung'ang'ania majalada ya PVC juani na kubandukia humo. Tafuta majalada ya polipropileni. Anayetumia tableti ahesabu kuwa itazima siku ya jua kali juu ya dashibodi. Karatasi iliyo pembeni ndiyo itakayobaki, na lazima iwe imekaguliwa hadi mzunguko ule ule.

Kuistaafisha

Marekebisho ya mkono yakifika 30 hivi, au yakianza kugongana, nunua toleo jipya likiwepo. Hamisha kwenye ramani mpya yale tu ambayo hayamo, moja moja kutoka daftarini, usinakili kwa kuangalia ramani ya zamani, maana utahamisha na makosa yake. Siku hiyo hiyo kata pembe yenye kisanduku cha ukaguzi, ibandike daftarini, na piga msalaba mkubwa kutoka kona hadi kona mbele na nyuma. Baada ya hapo watoto wakiitaka kufungia madaftari ya skuli, wape. Kitu kimoja tu kisifanyike: isirudi ndani ya mfuko wa ndege pamoja na mpya, kwani zikikunjwa zinafanana, na mkono unaotafuta kwenye mtikisiko hauchagui.